Barua ya wazi kwa mkurugenzi wa kampuni iliyotupeleka Momela: siku yetu haikuwa nusu

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya safari iliyotupeleka Hifadhi ya Taifa Arusha, Jumamosi ya pili ya mwezi Julai.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: ZIARA TULIYOLIPIA NA ZIARA TULIYOPEWA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Kwanza nakusalimu. Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama mimi ndiye mkubwa, nakutakia heri katika kazi zako. Jina la kampuni yako silitaji. Wewe na wasaidizi wako mnajijua, na barua yangu yenye muhuri wa mapokezi iko ofisini kwenu. Wapo pia wenzako katika biashara hii wanaosafirisha wenyeji kwa namna ile ile; wakisoma na kujikuta humu, basi wachukue nao.

Mimi ni katibu wa kikoba cha akina mama 24 hapa Moshi. Wengi wetu tunauza soko la Mbuyuni: ndizi, dagaa, mboga, nguo za mitumba. Wawili ni mafundi cherehani, mmoja ni mstaafu wa ualimu. Kila Ijumaa kwa wiki 24, kila mmoja aliweka shilingi 4,000 pembeni ya hisa zake za kawaida, zikafika 96,000 kwa kichwa, jumla shilingi 2,304,000. Tulikulipeni zote kabla ya safari, kwa sababu mlisema nafasi haishikwi bila malipo kamili.

Naandika hadharani kwa kuwa njia za ndani zimekwisha. Jumatatu baada ya ziara nilipiga simu, nikaambiwa mhusika yuko porini na wageni. Wiki ya pili nilipanda basi hadi Arusha na barua mkononi, karatasi mbili, nikaipokelesha kwa katibu muhtasi wenu aliyenikaribisha vizuri na kuigonga muhuri. Wiki ya nne meneja wenu alinipigia, akasema pole, akaahidi kwamba tukisafiri nanyi tena tutapunguziwa asilimia kumi. Nilimwambia hatuombi kupunguziwa safari nyingine, tunaomba kuzungumzia hii. Akasema atarudi kwangu. Tangu hapo ujumbe wangu unasomwa na haujibiwi. Sasa ni Septemba.

Kabla ya malalamiko naomba ujue kwa nini tulitaka kwenda, maana nadhani ofisini kwenu tuliandikwa kama "kundi la akina mama, siku moja", basi.

Sisi wa Moshi tuna Kilimanjaro mgongoni, lakini jua letu linatua upande wa Mlima Meru. Ukifunga meza yako Mbuyuni jioni ambayo mawingu yamepasuka, unauona kule magharibi, mweusi, na upande unaotuelekea una pengo kubwa kama chungu kilichovunjika mdomo. Tumeutazama miaka yote hiyo. Mwalimu wetu mstaafu ndiye aliyetueleza Ijumaa moja kwamba pengo lile ni kweli mlima ulibomoka: maelfu ya miaka iliyopita ubavu wa mashariki uliporomoka, mawe na tope vikashuka kuelekea huku kwetu, na katika mabonde yaliyobaki juu ya kifusi hicho ndipo yalipo leo maziwa ya Momela. Yaani upande tunaoutazama sisi ndio uliobomoka. Akina mama walinyamaza. Kisha mmoja akauliza, "Na mtu anaweza kufika pale?" Ndiyo chanzo cha safari.

Kwa hiyo tulipoletewa ratiba yenu tuliisoma kwa sauti, mstari kwa mstari. Kuondoka Moshi saa 12 asubuhi. Geti la Ngurdoto saa 2. Serengeti Ndogo, ukingo wa kreta ya Ngurdoto, maziwa ya Momela, chakula cha mchana, kisha matembezi ya msituni kwa miguu pamoja na askari wa hifadhi hadi maporomoko ya Tululusia na mkuyu wenye tao. Kutoka hifadhini saa 11 jioni. Mwongozaji mmoja siku nzima. Ratiba hiyo ninayo, ina nembo yenu.

Haya ndiyo yanayotusikitisha.

1. Muda wetu ulipewa watu wengine.

Saa 12 asubuhi tulikuwa tumesimama barabarani, mwezi Julai, baridi unayoijua. Kosta ilifika saa 3 na dakika 40. Dereva hakuficha: alikuwa ametumwa kwanza KIA kuwachukua wageni wa ndege ya asubuhi na kuwafikisha hotelini. Tulipita Bomang'ombe, Kikatiti na Maji ya Chai kwa mwendo wa kukimbizana, na kufika getini saa 5 na nusu.

Saa 9 alasiri tulikuwa tunatoka. Si saa 11. Dereva alikuwa na wageni wengine wa kuwahi KIA.

Waswahili wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hatuna ugomvi na wageni. Watoto wetu wamesoma kwa fedha za wageni, na ndizi zetu zinaliwa hotelini kwenu. Tunachosema ni kwamba gari lile lilikuwa limeshalipiwa kwa siku ile kuanzia saa 12 asubuhi, na hakuna aliyetuuliza kama tuko tayari kuliazima.

2. Malipo ya getini hayakuwa yamefanywa.

Fedha mlikuwa nazo kwa wiki mbili. Bado dereva alikaa kibandani saa nzima akipiga simu ofisini kusubiri malipo yaingie, huku sisi tukiangalia magari mengine yakipita. Siwalaumu watu wa getini, walitupa viti na maji. Ukitoa saa hiyo, sisi tuliolipia siku nzima tulikaa ndani ya hifadhi saa mbili na nusu.

3. Msitu hatukuuingia.

Hapa naomba uvumilivu wako, kwa kuwa jambo hili ndilo lililotuuma kuliko yote, na meneja wenu alilipita kwa sentensi moja: "Muda haukuruhusu."

Miongoni mwetu yumo Bibi. Ana miaka 79, alizaliwa Leguruki, akaolewa Moshi akiwa msichana. Ndiye mwekahazina wetu wa kwanza. Babake alikuwa fundi wa mizinga ya nyuki. Alichonga kwa mringaringa, na Bibi anakumbuka alivyokuwa akiupiga mti kwa kiganja na kusikiliza kabla ya kusema huu unafaa, huu bado. Bibi hakutaka kuona twiga. Alisema wazi, tangu Ijumaa ya kwanza: "Mimi nipelekeni kwenye miti." Alitaka kuingia chini ya msitu mkubwa wa Meru, wenye baridi na ukungu, miti iliyovaa nyuzi zile za kijivu zinazoning'inia kama ndevu za mzee, agonge shina moja kwa kiganja, aseme jambo lake analolijua mwenyewe, arudi nyumbani. Alinunua raba kwa ajili ya siku hiyo. Nyeupe.

Unajua vizuri kuliko mimi kwamba msitu ule si mahali pa kushuka garini na kuzurura. Kuna nyati, wakati mwingine na tembo, na chui yumo. Ndiyo maana kutembea kunahitaji askari mwenye bunduki, na askari huombwa na kulipiwa. Katika mchanganuo wenu wa gharama mstari huo ulikuwa na bei yake: shilingi 15,000 kwa kila mtu, mara 24, shilingi 360,000. Tulipomwambia dereva twende Geti la Momela kumchukua askari, alisema hana maelekezo hayo na hakuna malipo yaliyofanywa. Nilimwonyesha ratiba. Akaisoma, akanirudishia.

Bibi alikaa dirishani njia yote. Kosta ilipokuwa inapita chini ya miti aliomba dereva asimame kidogo tu, dakika mbili, abaki garini na dirisha wazi. Hakusimama.

Raba bado nyeupe.

4. Mwongozaji hakuwepo.

Tulilipia mwongozaji shilingi 120,000. Alikuja dereva peke yake. Simsemi vibaya kwa kuwa ni kijana aliyetumwa kazi mbili kwa siku moja, na inawezekana hakulala. Lakini kule maziwani maelezo yake yote yalikuwa haya: "Haya ndiyo maziwa. Pigeni picha." Dakika 20.

Ndugu Mkurugenzi, yale si "maziwa" tu. Yako saba, kila moja lina jina: Momela Kubwa, Momela Ndogo, El Kekhotoito, Kusare, Rishateni, Lekandiro, Tulusia. Yanalishwa na maji yanayotoka chini ya ardhi, yana magadi, na chumvi zake hazilingani, kwa hiyo mwani unaoota humo haulingani pia. Ndiyo sababu moja linaonekana la kijani na jirani yake la buluu, na ndiyo sababu heroe watajaa kwenye moja na kuliacha jingine tupu: ndege yule huinamisha kichwa, akapindua mdomo juu chini na kuchuja maji kupata mwani. Akina mama walikuwa wanabishana wenyewe kwa wenyewe kwa nini maji yana rangi mbili. Swali zuri kabisa. Hapakuwa na wa kulijibu. Mwalimu wetu alijaribu kueleza alichokuwa anakumbuka, na Kosta ikawashwa katikati ya sentensi yake.

Kuna jambo jingine mwongozaji mzuri angelisema hata kabla hatujafika. Tulipita Maji ya Chai. Kila mmoja wetu ana ndugu au mteja wa maeneo yale mwenye meno ya kahawia, na tumezoea kudhani hawapigi mswaki. Ni madini ya floridi katika maji, yanayotoka katika miamba ya volkano hii hii ya Meru, na maziwa ya Momela yenyewe yana floridi nyingi sana. Mama mmoja wetu, mzaliwa wa Kikatiti, amefunika mdomo kwa kiganja kila anapocheka tangu nimjue. Angepaswa kuambiwa hilo na mtu anayejua, mbele ya wenzake, mlima ukiwa unaonekana dirishani. Nimemwambia mimi baadaye, lakini si sawa.

Na la mwisho katika hili. Tukiwa njiani ndani ya hifadhi, Bibi alianza mwenyewe kutusimulia. Wazazi wake walikuwa na ndugu Engare Nanyuki, upande wa kaskazini wa maziwa, ambako mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru kwa nguvu ili ardhi ipewe walowezi. Nyumba zilichomwa. Wameru hawakunyamaza: walichanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akapanda ndege hadi Umoja wa Mataifa, New York, kulisema jambo lao mbele ya dunia. Bibi alikuwa anatueleza jinsi babake alivyotoa mchango wake, asali ya mizinga miwili, maana fedha hakuwa nayo. Sote tulikuwa tumegeuka kumsikiliza. Dereva akaongeza sauti ya redio.

Mwalimu alimwomba apunguze. Alipunguza kidogo. Bibi hakuendelea.

Katika mchanganuo wenu mstari wa mwongozaji umeandikwa "maelezo ya historia na mazingira".

5. Ngurdoto tuliiona kwenye kibao.

Tuliambiwa barabara ya kupanda ukingoni ni mbaya. Kreta ile haishukwi na mgeni yeyote, hutazamwa kutoka juu, kwenye vituo kama Mikindu, na huko juu ndiko kwenye msitu walikojaa mbega. Kutofika ukingoni ni kutoiona kabisa.

6. Chakula hakikutosha. Boksi 17 kwa watu 24. Tuligawana, hilo tumezoea, lakini boksi saba zilizolipiwa kwa shilingi 10,000 kila moja hazikuwepo na hakuna aliyeeleza.

7. Ndizi kwa nyani.

Karibu na eneo la kulia chakula nyani walisogea, na dereva akawarushia ndizi ili, kwa maneno yake, akina mama wapate video. Wawili wetu wana wajukuu, walicheka, sitasema uongo. Lakini kanuni zinakataza kulisha wanyama, na zinakataza kwa sababu: nyani aliyezoea mkono wa mtu humnyang'anya mtoto chakula kesho, na keshokutwa anaonekana ni wa kuuawa. Hatukulipa ili tufundishwe kuvunja kanuni za mahali tulipokwenda kwa heshima. Sisi wenyewe tulikuwa tumekubaliana tangu Moshi kwamba hakuna kuacha hata ganda la karanga, na mifuko yetu ilikuwa ya kushonwa. Ile ya plastiki tuliiacha tangu ilipopigwa marufuku mwaka 2019, na mmoja wa mafundi wetu ndiye anayetushonea.

8. Maneno tuliyoambiwa.

Tulipotoka getini nilimwuliza dereva, kwa upole, kama kuna uwezekano wa kupiga simu ofisini ili turudishiwe walau sehemu ya matembezi. Aliwapigia. Simu ilikuwa ya sauti ya nje, sote tukasikia mtu wa ofisini kwenu akijibu: "Hao ni wa bei ya wazawa, wanataka nini zaidi? Twiga wameona."

Meneja wenu aliponipigia wiki ya nne nilimkumbusha maneno hayo. Akasema mfanyakazi alikuwa amechoka.

Sasa najua majibu yatakayotolewa, kwa sababu mengine nimeshapewa kwa simu. Nayajibu mapema ili tusipoteze wiki nyingine.

Mtasema wazawa hulipa kidogo. Ni kweli kwamba kiingilio cha Mtanzania ni kidogo kuliko cha mgeni, na tunalipa kwa shilingi. Bei hiyo imewekwa na serikali ili mwananchi aweze kuingia katika hifadhi ya nchi yake. Haikuwekwa na ninyi, na haiwapunguzii ninyi chochote, kwa kuwa kiingilio hakiingii mfukoni mwenu. Gari lenu, mwongozaji wenu na chakula chenu mlivipangia bei wenyewe, tukaikubali bila kuomba kupunguziwa hata mia. Kiingilio nafuu hakifupishi siku. Saa 12 asubuhi ya anayelipa kwa shilingi ni saa 12 ile ile.

Mtasema barabara ya Ngurdoto. Ilikuwa Julai. Masika yalikuwa yamekwisha, vumbi tulilokula tunalijua. Na kama Kosta haiwezi kupanda ule mwinuko, basi hilo mlilijua mlipoandika ratiba, maana Kosta mliichagua ninyi na njia mnaipita kila wiki.

Mtasema dereva alikuwa wa muda tu, si mwajiriwa. Sisi hatukumwajiri dereva. Risiti ina jina la kampuni.

Mtasema tungelalamika siku ile ile. Tulilalamika siku ile ile, garini, nawe unaweza kumwuliza kijana wako.

Mmoja wa wenzangu amesema niandike pia kwamba huenda mlielemewa, kwamba Julai ni msimu wa wageni na magari hayatoshi. Naandika kwa kuwa naamini ni kweli. Lakini mwenye gari moja na safari mbili anapaswa kukataa moja, au kupiga simu kusema, "Akina mama, tusogeze mbele wiki moja." Tungesogeza. Tulikuwa tumeshasubiri wiki 24.

Tunachoomba ni hiki:

(a) Turudishiwe fedha za vitu ambavyo havikutolewa: matembezi ya msituni shilingi 360,000, mwongozaji shilingi 120,000, na chakula boksi saba shilingi 70,000. Jumla shilingi 550,000. Hatudai fidia ya usumbufu, hatudai riba, hatudai kiingilio kwa sababu hifadhini tuliingia.

(b) Barua ya kuomba radhi kwa kikoba chote, iliyosainiwa nawe mwenyewe na si meneja, ikitaja yale maneno ya simu. Wachaga tuna jani liitwalo sale. Mtu aliyekosea huleta jani lile kwa aliyemkosea, na aliyeletewa hawezi kulikataa hivi hivi. Hatukulazimishi desturi zetu. Nakueleza tu ili uelewe kwamba kwetu kuomba radhi si kudhalilika, na atakayekuja kwa njia hiyo atapokewa, atapewa na mbege.

(c) Kwa ziara za wenyeji kuanzia sasa, mtoe ratiba kwa Kiswahili yenye saa ya kuondoka na saa ya kurudi, jina la mwongozaji, na uthibitisho kwamba viingilio na ada ya askari vimelipwa kabla ya siku ya safari. Mnafanya hivyo kwa wageni. Nimeona karatasi zao mezani kwa katibu muhtasi wenu nilipoleta barua, zimepangwa vizuri kabisa.

(d) Mwongozaji wa wenyeji awe anayejua. Vijana waliosomea kazi hii Moshi na Arusha ni wengi, baadhi yao wanakaa mitaani kwetu wakisubiri msimu. Msimpe kazi dereva asiye na maneno kwa dhana kwamba wenyeji tayari tunajua. Hatujui. Tumeutazama mlima huu maisha yetu yote kutoka mbali na tulikuja kuuliza.

Tunakupa siku 21 tangu tarehe ya barua hii. Zikipita kimya, tutapeleka ratiba, risiti na nakala ya barua yenye muhuri kwa Tume ya Ushindani, ambako mlaji mwenye malalamiko anaruhusiwa kwenda, na kwa mamlaka inayotoa leseni za biashara ya utalii. Nasema hili bila kutisha. Kikao cha kikoba kimeamua hivyo kwa kura, na mimi kama katibu natekeleza.

Kwa upande wetu, safari haijafutwa. Tumeanza tena kuweka shilingi 2,000 kila Ijumaa. Safari hii tutakodi gari wenyewe, tutamlipia askari wenyewe pale Momela, na kundi litagawanyika: wanaotaka mtumbwi Momela Ndogo wataenda, na wengine tutatembea na Bibi, polepole, kwa mwendo wake, hadi kwenye mkuyu wenye tao, kama miguu itakubali. Daktari amesema anaweza, asipande sana. Mkirudisha ile 550,000, tutaenda kabla ya Krismasi. Msiporudisha, itakuwa baada ya masika, na Bibi atakuwa na miaka 80.

Majibu yaletwe Mbuyuni au yatumwe kwa namba iliyo kwenye barua yangu ya Julai. Yatasomwa kikaoni. Tunakutana kila Ijumaa saa 10 jioni, na Bibi huwa wa kwanza kufika.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Katibu wa Kikoba,
kwa niaba ya wanachama 24,
Moshi, Septemba.